Kutoka Tuta la Ngolu hadi Herufi: Usanifu wa Sura ya Herufi kwa Vitu vya Kila Siku

1.0 Utangulizi

Taaluma ya Kiswahili imeshughulikia tahajia kwa kina. Tangu Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoundwa mwaka 1930, maswali kuhusu namna sauti zinavyowakilishwa, mahali neno linapokatwa, na wakati kibainishi kinapotakiwa, yamejadiliwa na vizazi kadhaa vya wataalamu. Umbo la herufi lenyewe, yaani mistari, mapindo na nafasi zinazoifanya herufi moja itofautiane na nyingine, halikupata bahati hiyo. Liliachiwa mafundi wa matbaa na, baadaye, watengenezaji wa programu za kompyuta, ambao wengi wao hawajui Kiswahili. Matokeo yake ni kwamba msomi wa Kiswahili aweza kuandika tasnifu nzima juu ya ng' bila kujiuliza kwa nini kibainishi hicho huchapwa mara kikitazama kushoto, mara kikitazama kulia.

Makala haya yanajadili tawi moja la suala hilo, nalo ni usanifu wa sura ya herufi ya majaribio inayotokana na vitu vya kila siku. Hapana budi kutofautisha kwanza dhana mbili. Herufi ni dhana: m ni m, iwe imechorwa kwa mkaa ukutani au imechapwa kwa risasi. Sura ya herufi ni vazi moja ambalo herufi zote za mfululizo mmoja huvishwa, hata zikatambulikana kuwa ni ndugu. Sura ya majaribio ni vazi linaloshonwa kwa kusudi la kupima: herufi yaweza kupindwa kwa kadiri gani kabla msomaji hajaipoteza?

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kitu cha kila siku huifaa herufi pale kinapoipa kanuni yake, si picha yake. Ili hoja hiyo isibaki hewani, panahitajika neno moja la kupimia, na neno lililochaguliwa ni Litumbandyosi, jina la kata iliyoko wilayani Mbinga, mkoani Ruvuma. Uchaguzi huu una sababu ya kiufundi. Jina hili lina herufi 13, na isipokuwa i inayotokea mara mbili, hakuna herufi inayorudiwa. Kwa maneno mengine, ndani ya jina moja mna herufi 12 tofauti, ambazo ni nusu kamili ya alfabeti ya Kiswahili yenye herufi 24, ch ikihesabiwa kuwa moja. Irabu zote zimo isipokuwa e. Tena jina limehifadhi mfuatano wa ndy, ambao si wa kawaida katika Kiswahili Sanifu. Sikio lililozoea usanifu lingetarajia nj. Msanifu wa herufi anayeanza na jina kama hili hawezi kujidanganya kwamba kazi yake ni ya mji mkuu na magazeti pekee.

2.0 Picha na Kanuni

Njia ya kwanza inayomjia mtu akilini ni ya picha. Jembe lililosimamishwa hufanana na T, ngazi na H, mdomo wa mtungi na O, nyoka na S. Vitabu vya watoto vimejaa mbinu hii, na mabango ya maduka kadhalika. Ina uchangamfu wake, lakini ina kasoro mbili kubwa. Kwanza, kila herufi huja na ulimwengu wake: jembe lina uzito wake, mtungi una duara lake, na vikikaa pamoja katika mstari jicho husoma vitu kabla ya kusoma neno. Pili, picha huisha haraka. Vitu vinavyofanana na O ni vingi kupita kiasi, ilhali mtu aweza kupekua nyumba nzima asikute kitu kilicho k kwa asili yake.

Wapo waliofaulu kwa vitu vilivyookotwa, lakini ukichunguza utaona kwamba hata wao waliongozwa na kanuni. Hendrik Werkman, mchapaji wa Groningen nchini Uholanzi, alichapa jarida lake The Next Call kati ya mwaka 1923 na 1926 akitumia, pamoja na herufi za mbao, vitu kama bamba la kitasa cha mlango lililopakwa wino. Kilichounganisha kurasa zake ni mashine: kila kitu, kiwe herufi au kitasa, kilipaswa kukandamizwa juu ya karatasi na kuacha alama bapa. Paul Elliman wa Uingereza alikusanya vipande vya mabaki ya viwandani vilivyoshabihiana na herufi. Toleo lake la kompyuta, liitwalo Bits, lilitolewa katika miaka ya 1990 na FUSE, jarida la majaribio ya herufi lililoanzishwa mwaka 1991. Kanuni yake ilikuwa ya ukubwa: vipande vyote ni vile ambavyo mkono wa mtu huweza kuvishika. Josef Albers, katika shule ya Bauhaus, alikwenda mbali zaidi mwaka 1926 kwa kuacha vitu vyenyewe na kubaki na maumbo matatu tu, yaani mraba, pembetatu na robo ya duara, akajenga alfabeti nzima kwa kuyaunganisha.

Mfano ulio karibu zaidi na Waswahili ni mkongwe kuliko hiyo yote. Mwandishi wa hati za Kiarabu, iwe Baghdad au Siyu katika kisiwa cha Pate, ambako misahafu mizuri ilinakiliwa katika karne ya 18 na ya 19, hutumia tete lililochongwa ncha kwa mshazari. Ncha ikigusa karatasi mara moja huacha nukta yenye umbo la msambamba, na nukta hiyo ndiyo kipimo. Urefu wa alifu huhesabiwa kwa nukta, upana wa be huhesabiwa kwa nukta. Utaratibu huu unahusishwa na Ibn Muqla aliyefariki mwaka 940. Tete ni kitu cha kila siku, huota kandokando ya maji, lakini hakuna herufi hata moja ya Kiarabu iliyo picha ya tete. Tete limeipa hati upana wake, mshazari wake na kadiri yake. Ndiyo maana hati hizo zina undugu ambao alfabeti ya jembe na mtungi haiwezi kuupata.

3.0 Matofali ya Mbanza-Ngungu

Mfano ulio wazi kuliko yote katika Afrika ya sasa ni Mandombe. Mwaka 1978, huko Mbanza-Ngungu katika sehemu ya magharibi ya nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Wabeladio Payi aliutazama ukuta wa matofali na kuona kwamba mistari ya maungio, ikifuatwa kwa jicho, hutoa maumbo mawili yanayorudiarudia: moja kama tarakimu 5, jingine kama tarakimu 2. Mwenyewe alieleza chanzo cha kazi yake kuwa ni ufunuo wa kidini. Kutokana na maumbo hayo mawili alijenga mfumo kamili wa maandishi, nao ukaanza kufundishwa hasa katika mazingira ya Kanisa la Kimbangu. Wabeladio alifariki mwaka 2013. Mandombe hutumika kuandika lugha nne za taifa za Kongo: Kikongo, Lingala, Tshiluba na Kiswahili. Kwa hiyo ni sehemu ya historia ya maandishi ya Kiswahili, ingawa vitabu vya historia hiyo huishia mara nyingi kwenye hati za Kiarabu na za Kirumi.

Ikumbukwe kwamba Mandombe si sura ya herufi kwa maana iliyotolewa hapo juu. Ni hati nyingine kabisa. Anayejifunza hujifunza kusoma upya. Hata hivyo mbinu yake inafundisha mengi. Ukuta wa matofali una kanuni moja isiyovunjwa: ungio la wima la safu moja halikutani na ungio la safu inayofuata, bali huangukia katikati ya tofali. Fuata mstari wa mlalo, shuka kwenye ungio, rudi upande wa pili, shuka tena. Tayari una 5. Picha ya tofali haimo popote katika Mandombe. Kilichomo ni mpishano wa maungio yake.

Baada ya hapo mfumo hujizalisha wenyewe. Umbo la konsonanti huakisiwa kushoto kwa kulia, na juu kwa chini, na kila mgeuko ni konsonanti nyingine. Irabu huunganishwa na konsonanti hata silabi nzima ikawa umbo moja, jambo linaloafikiana vizuri na lugha za Kibantu ambazo silabi zake aghalabu huwa wazi. Ni uchumi wa hali ya juu: maumbo machache, herufi nyingi.

Uchumi huo lakini una gharama, na hapa ndipo penye somo kwa msanifu yeyote wa herufi. Jicho la binadamu halipendi kutofautisha kitu na taswira yake ya kwenye kioo. Mwanasaikolojia wa Ufaransa, Stanislas Dehaene, katika kitabu chake cha mwaka 2007 juu ya usomaji, ameeleza kwamba ubongo huchukulia taswira hizo mbili kuwa kitu kimoja, na kwamba mtoto anapojifunza kusoma hulazimika kuondokana na mazoea hayo. Kikombe ni kikombe, mkono wake uwe kulia au kushoto. Lakini b si d. Katika Kiswahili kinachoandikwa kwa hati za Kirumi tatizo hili ni dogo, ingawa lipo: bawa na dawa. Hati iliyojengwa juu ya uakisi huongeza mara nyingi idadi ya jozi za namna hiyo, na mzigo wa kuzitofautisha humwangukia mwanafunzi. Haitoshi kuisifu Mandombe kwa asili yake ya Kiafrika, wala haitoshi kuibeza kwa uhusiano wake na kanisa moja. Swali la usomaji linahitaji kuulizwa kama linavyoulizwa kwa hati nyingine yoyote. Swali la teknolojia nalo lipo: hadi toleo la 16 la Unicode, lililotolewa mwaka 2024, Mandombe ilikuwa haijaingizwa katika mfumo huo wa kimataifa wa kusimba herufi, na hivyo maandishi yake hayakuweza kusafiri kutoka kompyuta moja hadi nyingine kama yanavyosafiri ya Kirumi au ya Kiarabu.

4.0 Shamba la Ngolu kama Gridi

Mbinga ina kitu cha kila siku chenye kanuni iliyo kali kama ya ukuta wa matofali, nacho ni shamba la ngolu. Wamatengo, wakazi wa nyanda za juu za wilaya hiyo, hulima kwenye miteremko mikali kwa namna isiyo na kifani nchini Tanzania. Mwisho wa masika majani hukatwa na kulazwa kwa mistari inayokatana, hata mteremko wote ukawa na miraba. Kazi hiyo kwa desturi ni ya wanaume. Kisha wanawake huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuufunika juu ya majani. Majani yaliyofukiwa huwa matuta. Sehemu zilizochimbwa huwa mashimo yenye upana wa takriban mita moja na nusu hadi mbili. Maharage hupandwa juu ya matuta, na msimu unaofuata hupandwa mahindi. Mvua ikinyesha maji hutuama mashimoni badala ya kuchukua udongo kwenda bondeni, na majani yaliyooza huwa mbolea. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wakishirikiana na wenzao wa Japani, waliuchunguza utaratibu huu kwa makini. Lakini waliuchunguza kwa macho ya kilimo. Anayeutazama mteremko huo kutoka ng'ambo ya bonde akiwa na swali la herufi ataona jambo jingine: gridi.

Tuchukue, basi, tuta kuwa ndicho kipande cha msingi. Herufi itaundwa kwa kuchagua matuta yatakayoonekana na kuacha mengine. Mashimo mawili, moja juu ya jingine, yamezungukwa na kutenganishwa na matuta saba: matatu ya mlalo na manne ya wima. Msomaji atatambua mara moja kwamba hii ndiyo gridi ileile ya tarakimu za vikokotoo na saa za umeme, ambamo 8 ni matuta yote saba na 1 ni mawili ya upande wa kulia. Kihesabu, vipande saba hutoa michanganyiko 128. Kwa alfabeti ya herufi 24 ingeonekana kuwa ni utajiri uliopita haja.

Jaribio la Litumbandyosi linaonyesha vinginevyo. Herufi l huchukua matuta matatu: mawili ya wima kushoto na moja la chini. Herufi i ni tuta moja la wima. Ukiongeza tuta la kati kwenye l unapata t. Herufi u ni matatu, b ni matano, a kwa umbo la herufi kubwa ni sita, n ni matatu, d ni matano, y ni matano, o ndogo ni manne, s ni matano. Zote zinasomeka, na hakuna mbili zilizo sawa. Lakini m haipatikani. Haina pa kuweka mguu wake wa kati. Katika herufi 12 za jina hili, 11 zinakubali na moja inakataa.

Kwa lugha nyingine hilo lingeweza kuwa jambo dogo. Katika Kiswahili si dogo hata kidogo. Ukiendelea na herufi zilizobaki utaona kwamba k na w nazo hukataa, moja kwa kukosa mishazari na nyingine kwa sababu ileile ya m. Aidha z huwa sawasawa na tarakimu 2, kama s inavyokuwa sawasawa na 5. Sasa herufi k, m na w ni zipi? Ni zile zinazobeba viambishi vya ngeli: mtu na watu, mti, kitu, kuimba. Ni zile zinazobeba kwa na wa. Jina la Mkwawa lina herufi sita, na nne kati ya hizo haziandikiki kwa vipande saba. Zinabaki a mbili. Gridi iliyobuniwa kwa ajili ya tarakimu, na kutumiwa kwa Kiingereza kwa kubahatisha, imeanguka mahali penyewe ambapo sarufi ya Kiswahili imesimama. Hili si jambo la vikokotoo tu. Kasha la herufi za risasi lililopangwa kwa ajili ya Kiingereza humpa e kisanduku kikubwa kuliko vyote. Matbaa za misheni, kama ile ya Wabenedikto huko Peramiho, zilipanga Kiswahili kwa teknolojia hiyo ya risasi, ilhali sentensi fupi kama wanakamata samaki ina herufi 16, saba kati yake ni a, na haina e hata moja.

Dawa ya m imo ndani ya shamba lenyewe. Tarakimu za kikokotoo husimama kila moja peke yake; kati ya moja na nyingine kuna pengo. Mashimo ya ngolu hayasimami hivyo. Shimo na jirani yake huchangia tuta, na hakuna mkulima atakayejenga matuta mawili pale ambapo moja linatosha. Kanuni hii ya tuta la pamoja ndiyo inayokosekana katika kikokotoo. Ikikubaliwa, m huwa n mbili zinazopakana na kuchangia mguu wa kati: matuta mawili ya mlalo na matatu ya wima, jumla matano. Na w huwa u mbili kwa namna hiyohiyo. Herufi hizo mbili zinakuwa pana kuliko nyingine, kama zilivyo katika takriban kila sura ya herufi za Kirumi iliyochongwa kwa mkono, na upana huo unausaidia msomaji kuzitambua kwa mbali. Litumbandyosi nzima inapatikana kwa matuta 50.

Mambo yaliyobaki ni magumu zaidi, na si yote yanayoweza kumalizwa kwa uzuri. Herufi k, ikipewa shimo la pili, yaweza kujengwa kwa ngazi: shina la matuta mawili kushoto, tuta la kati, kisha mkono mmoja ukipanda wima na kugeuka kulia juu, mwingine ukishuka na kugeuka kulia chini. Inahitaji matuta saba na inasomeka ikiwa ndani ya neno. Ikiwa peke yake yaweza kumshangaza msomaji. Herufi v haina njia ila kutofautishwa na u kwa urefu, u ikiwa fupi na v ikiwa ya shimo zima la juu na la chini. Mpango huo unafanya kazi, lakini ni wa kufundishwa, haujielezi. Ama s na z, hapa tumerudi kwenye 5 na 2 za Wabeladio: ni taswira za kioo, na Kiswahili hutegemea tofauti yao kila siku, saa na zaa, sana na zana. Ngolu haina suluhisho la kuakisi. Njia iliyo salama ni kuvunja ulinganifu kwa makusudi, kwa mfano kuliacha tuta la kati la z nje, hata ikasomeka kwa mapengo yake. Wapenda ulinganifu watalalamika. Hata hivyo wale watakaoisoma ni wengi kuliko wale watakaoitazama.

Kibainishi cha ng' nacho kinastahili neno. Ng'ombe pasipo kibainishi si tahajia ya Kiswahili, na katika sura nyingi za herufi alama hiyo imekopwa kutoka kwenye alama za kunukuu za lugha za Ulaya, ndiyo sababu hupindwa ovyo na mashine. Katika gridi ya ngolu hakuna alama iliyo ndogo kuliko tuta. Lakini juu ya tuta hupandwa mbegu. Nukta moja yenye ukubwa wa maharage, ikiwekwa kichwani mwa g upande wa kulia, yatosha kuwa kibainishi. Haina kushoto wala kulia, kwa hiyo haiwezi kugeuzwa.

5.0 Jicho la Wavu na Bati la Gunia

Ngolu si kitu pekee. Kutoka milima ya Umatengo mtu hushuka hadi mwambao wa Ziwa Nyasa, kwenye vijiji kama Lituhi na Liuli, ambako kanuni inayotawala mikono ya watu ni ya wavu. Jicho la wavu uliotundikwa ni msambamba uliosimama juu ya pembe yake. Mistari yote ni mishazari. Herufi zilizokuwa tabu shambani hapa huja zenyewe: k, v, w, z na y hutokea kwa kufuata nyuzi. Kinyume chake, l, i na t, ambazo ngolu ilizitoa kwa matuta machache, huwa nyoka wa kupindapinda kwa sababu wavu hauna wima. Msanifu aweza kushawishika kuchanganya, achukue l kwa mkulima na k kwa mvuvi. Matokeo yake ni kurudi kwenye alfabeti ya jembe na mtungi, herufi zisizo na undugu. Ni heri k yenye ngazi iliyo ndugu ya m kuliko k nzuri iliyo mgeni.

Lililobaki ni mahali pa kuijaribu sura kama hiyo, kwani sura ya majaribio isiyosomwa na mtu ni pambo. Biashara ya kahawa, ambayo ndiyo zao kuu la biashara la Mbinga, imezoea kutia alama magunia kwa bati lililotobolewa, ambalo wino hupakwa juu yake. Kazi ya bati ina sharti linalojulikana na kila fundi: herufi yenye uwazi wa ndani, kama o, a, b au d, ikitobolewa mzunguko mzima, kipande cha katikati huanguka. Kwa hiyo fundi huacha madaraja membamba ya bati ili kukishikilia. Katika sura nyingi za herufi madaraja hayo ni majeraha. Yanakata mstari mahali ambapo msanifu hakukusudia. Katika sura ya ngolu yana makao yake. Tuta huishia pale linapokutana na tuta jingine, na makutano yakiachwa bila kutobolewa, kila tuta linakuwa tundu moja lililonyooka, na uwazi wa ndani wa herufi hushikiliwa kwenye pembe zake zote nne.

Fundi hahitaji hata kuchora duara. Patasi yenye upana mmoja, rula, na bati la debe vinatosha, na matundu ni 50 kwa jina lote la Litumbandyosi: matatu ya l, moja la i, manne ya t, matatu ya u, matano ya m, na kuendelea hadi moja la i ya mwisho. Nukta za i, akitaka kuziweka, atatoboa kwa msumari.